Askari wa Keya na Nyumba Aliyoiacha

Katikati ya Dar es Salaam, pale ambapo Wajerumani waliisimamisha sanamu ya gavana wao Wissmann na Waingereza wakaiondoa, ipo tangu mwaka 1927 sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki, na chini yake yamechongwa maneno yanayowaahidi wapiganaji wa Vita Kuu ya Kwanza kuwa hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao. Wapita njia wengi huitazama sanamu wasiyasome maneno, na wale wachache wayasomao aghalabu huyaona kuwa ni maneno ya heshima. Lakini mimi kila niyafikiripo huyaona kuwa ni maneno ya mdaiwa mwerevu, kwa sababu dola iliyowatuma watu hao vitani haikusema kuwa itawakumbuka yenyewe, bali iliwatwisha dhima hiyo watoto wao, na mama wa watoto hao haikuwataja kabisa.

Kizazi kilichofuata kilikwenda katika vita vya pili, na habari zake zimeandikwa zaidi, ila zimeandikwa kwa upogo. Wanahistoria wa miaka ya mwanzo ya uhuru walimtafuta askari wa zamani mjini na katika siasa, na huko kwa hakika walimpata: walimpata Abdulwahid Sykes na nduguye Ally, waliorudi kutoka Barma wakaingia katika harakati zilizokuja kuzaa TANU, walimpata Bildad Kaggia huko Kenya, walimpata Waruhiu Itote, ambaye alipigana na Wajapani kwa amri ya Mfalme, na miaka michache baadaye akapigana na serikali ya ufalme huohuo msituni kwa jina la Jenerali China. Watu hao ni watukufu na sina la kuwapunguzia. Walakini Timothy Parsons, ambaye ameyachambua maisha ya askari wa Keya kuliko wengi, ameonyesha kuwa waliogeuka wanasiasa walikuwa wachache miongoni mwa wengi, na kuwa wengi hao walivua sare, wakapanda gari la moshi, wakashuka kituo kilicho karibu na kwao, wakatembea kwa miguu mpaka shambani. Hao ndio ninaotaka kuwasemea. Na dai langu ni kuwa mwana-Keya wa shamba hafahamiki akitazamwa peke yake, kwani jeshi lilimwandikisha yeye mmoja kwa namba yake, lakini gharama ya kuondoka kwake, na faida yake, na ugomvi wake wote, viliandikwa juu ya nyumba nzima, na zaidi juu ya mwanamke aliyebaki.

Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902, na katika vita vya 1939 hadi 1945 likafura mara nyingi zaidi ya kimo chake cha amani. Tukihesabu pamoja nalo madereva, mafundi, wapagazi wa hospitali na vikosi vya kazi ngumu ambavyo Kenya ya magharibi iliviita Panyako, Tanganyika ilitoa watu wapatao 87,000, Kenya karibu 98,000, na Uganda takriban 77,000. Nitauchukua mfano wangu kutoka Unyamwezi na Usukuma, si kwa kuwa Wahehe, Wangoni, Wakurya au Wakamba hawakwenda, maana walikwenda kwa wingi, bali kwa kuwa nchi hizo mbili zilikwisha kuwa na ada ya kale ya mume kuwa ghaibu. Karne ya kumi na tisa mwanamume wa Kinyamwezi aliondoka na msafara wa pembe kwenda Bagamoyo baada ya mavuno, akarudi msimu mwingine, au asirudi. Mwanawe akaenda upagazi wa vita vya Wajerumani na Waingereza, ambavyo viliua wapagazi makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na tumbo la kuhara kuliko kwa risasi. Mjukuu akaenda mkonge wa Tanga akiwa manamba. Nyumba ya namna hiyo ilijua kulima bila baba. Serikali ilipoomba askari, iliomba kwa watu ambao tayari walikuwa na elimu ya kuachwa.

Namna ya kuingia jeshini haikuwa moja. Wapo waliojipeleka wenyewe, wakitaka fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari, au wakikimbia ukali wa baba. Wapo waliotolewa na watemi na wanangwa, ambao walikuwa wameagizwa kutoka bomani idadi ya vijana, na mtemi mwenye busara ya kidunia aghalabu hakumtoa mwana wa rafiki yake, alimtoa yatima, mgeni au mgomvi. Na tangu mwaka 1940 ilikuwapo sheria ya kulazimisha, iliyowapeleka wengine jeshini na wengine mashambani mwa Wazungu, hususa katika mkonge, uliotakiwa mno baada ya Japani kuziteka Ufilipino na Java mwaka 1942. Hata hivyo, kati ya hiari na shuruti palikuwa na baraza la nyumbani ambalo vitabu havilitaji. Baba mwenye wana watatu alikaa akapima: nani achunge, nani alime, nani apelekwe Keya alete fedha. Kijana alipojiandikisha kwa hiari yake, mara nyingi hiari hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa na wazee jioni iliyotangulia.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Askari aliruhusiwa kutenga sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani, nayo ikapitia ofisi ya boma, ikalipwa kwa mtu ambaye askari mwenyewe alimtaja siku ya kuandikishwa. Afisa wa Kizungu aliyeuliza jina hilo alidhani anauliza swali jepesi. Kwa kijana asiyeoa lilikuwa jepesi kweli, alimtaja baba. Kwa aliyeoa lilikuwa mtihani, kwa kuwa akimtaja mkewe amemtukana baba aliyemtolea ng'ombe wa mahari, akimtaja baba amemweka mkewe chini ya huruma ya mkwe, na akimtaja kaka amemtia kaka katika jaribu ambalo ndugu wachache wa tumbo moja hulishinda. Malalamiko mengi ambayo askari walimpelekea Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, kutoka Ceylon na Barma yalizaliwa katika jina hilo moja. Askari aliporudi na kuuliza habari za ng'ombe walionunuliwa kwa fedha zake, aliambiwa wamekufa kwa maradhi, na ajabu ya maradhi hayo ni kuwa yalijua kubagua, yakawaua wa askari na kuwaacha wa kaka katika zizi hilohilo.

Alipotajwa mke, kazi ikawa ya mke. Aliondoka kijijini kabla ya alfajiri, mtoto mgongoni, hati ya boma imefungwa katika pindo la kaniki, akatembea pengine siku nzima, akalala kwa jamaa karibu na boma, asubuhi akakaa chini ya mwembe pamoja na wenzake mpaka karani alipotoka. Karani hakuita majina. Aliita namba za waume. Mwanamke asiyejua herufi hata moja ilimlazimu kuihifadhi namba ya mumewe kwa moyo kama ahifadhivyo sura fupi, kwa kuwa akikosea tarakimu moja safari yake ilikuwa bure. Kisha akatia dole gumba katika wino, akalibonyeza daftarini, akahesabiwa shilingi zake mbele ya watu, jambo ambalo nalo lilikuwa hatari, maana waliohudhuria waliona ni ngapi, na njiani kurudi wakwe na mawifi walikuwa wamekwisha kupata habari.

Akazitumia nini? Hapa hali ya vita yenyewe ilimwamulia. Nguo za dukani zilikuwa adimu, kwa sababu meli zilikuwa zinabeba mizinga badala ya majora ya marekani. Majembe yalipanda bei. Na ukame wa miaka ya 1942 na 1943 ulileta njaa Kenya na katika sehemu za Tanganyika, hata palikuwa na nyumba zenye fedha za Keya mkononi na zisizo na mahali pa kununua nafaka. Fedha isiyonunua nguo wala chakula iligeuzwa mifugo. Mke alianza na mbuzi, mbuzi akawa mtamba, mtamba akazaa. Au akawalipa pombe na fedha majirani waje wamlimie shamba pana kuliko mikono yake. Nasema haya kwa kusisitiza kwa kuwa watu husema, na hata wasomi husema, kuwa askari alirudi na mali. Askari alirudi na kiinua mgongo, nitakachokieleza punde. Mali, pale ilipokuwapo, ilikuwa imekwisha kufanywa na mtu ambaye hakutoka kijijini.

Barua zilikwenda na kurudi kwa Kiswahili. Jeshi lilikuwa na idara yake ya elimu iliyowafundisha askari kusoma na kuandika, na kulikuwa na magazeti ya askari, *Askari* na baadaye *Heshima*, yaliyowafuata mpaka huko Asia. Kwa hiyo kijana aliyeondoka hajui a wala be aliweza, mwaka wa pili, kuandika mwenyewe. Lakini barua ilipofika kijijini ilisomwa na mwalimu, au katekista, au karani, na mke alijibu kupitia kinywa na mkono wa mwanamume mwingine, wa kijiji hicho. Fikiri basi ni maneno gani mke anaweza kumwambia mumewe kwa njia hiyo. Aidha barua zote zilisomwa na wakaguzi wa jeshi, na taarifa zao zimebaki katika makavazi, nazo zinashuhudia kuwa lililowakera askari usiku si adui tu: ni habari kwamba mke ameonekana kwa fulani, kwamba mahari inadaiwa upya, kwamba shamba limemegwa na jirani. Jeshi likaona kuwa askari mwenye fadhaa ya nyumbani hapigani vizuri, likaiagiza serikali ya wilaya ishughulike, na ndipo Bwana Shauri, Mwingereza kijana ambaye pengine hakuwa na mke, akajikuta akihukumu kesi za ugoni na kuwafokea wake za watu kwa ajili ya ushindi wa himaya. Watemi nao hawakulipenda jambo hilo, kwa kuwa faini ya ugoni ilikuwa sehemu ya hukumu yao na ya kipato chao.

Kuhusu vita vyenyewe nitasema machache, kwa sababu vimesimuliwa. Askari wa Afrika Mashariki walikuwamo katika jeshi lililoingia Mogadishu mwezi wa Februari 1941 na Addis Ababa mwezi wa Aprili. Wakateremshwa Madagaska mwaka 1942. Na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ilisukuma katika bonde la Kabaw, Barma, wakati wa masika mabaya, katika matope yaliyomeza magari, malaria, na homa nyingine kali iletwayo na vidudu vya majanini, chakula kikitupwa kutoka angani kwa miavuli, mpaka mwanzoni mwa Desemba walipofika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli *Khedive Ismail*, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya askari wetu wasio na kaburi katika vita vya Barma yamechongwa kwenye nguzo za mawe huko Taukkyan, karibu na Rangoon, ambako nyumba zao haziwezi kufika. Nyumba ya marehemu ilipata habari kupitia bomani, na ilipata fidia ndogo. Haikupata maiti, na kwa watu ambao matanga yao huanza kwa kuzika, hilo lilikuwa tatizo la sheria na dini, si la machozi tu. Mke huyo alikaa eda kuanzia lini? Ng'ombe wa mahari walihesabiwa vipi? Kaka wa marehemu alimrithi, kwa mila, tangu siku ipi, ikiwa siku ya kifo ilijulikana kwa karatasi iliyochelewa miezi?

Waliopona walirudi kati ya 1945 na 1947. Jeshi liliwapa kila mmoja hati ya kuachiwa, nauli, nguo chache na kiinua mgongo, na hicho kiinua mgongo ndicho kisa chenyewe. Hati za serikali ya Uingereza zilizofichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zinaonyesha kuwa askari mweupe asiye na cheo, mkazi wa makoloni ya Afrika, alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, ilhali Mwafrika wa daraja hilohilo alihesabiwa shilingi tatu na nusu. Si ubaguzi wa afisa fulani mwenye chuki. Ulipangwa, ukapigwa hesabu, ukatiwa sahihi. Hoja ya wakati ule ilikuwa kwamba Mwafrika ana shamba na mke wa kumlisha, kwa hiyo mahitaji yake ni kidogo. Ndiyo kusema kwamba serikali ilikuwa imeiona vyema kazi ya mke, ila iliitumia kuwa sababu ya kumpunja mumewe. Wengi wa wana-Keya hawakupata pensheni kabisa, kwa kuwa waliandikwa kwa muda wa vita tu, na pensheni ya majeraha iliyokuwapo ilikuwa ndogo na ilitaka karatasi nyingi. Kenya mambo yalikuwa machungu zaidi, maana huko askari wa Kizungu aliandaliwa mpango wa mashamba katika nyanda za juu, na Mwafrika aliyelala naye handaki moja akarudi katika eneo lililokwisha kujaa watu, na kipande mfukoni.

Kile kidogo alichopewa alikifanya nini? Watu wa mji walimcheka kuwa alikinywa. Wengine walikinywa, sikatai. Wengine walifungua duka lililokufa kwa kukosa leseni na bidhaa, ambazo wenye jumla waliwapa watu wao kwanza. Wengine walishirikiana kununua lori kuukuu. Na mwaka 1947 wengine waliitwa Kongwa, katika ule mradi wa karanga ambao ulitaka madereva na mafundi waliofunzwa na jeshi, nao ukafa mwanzoni mwa 1951 baada ya kuila hazina ya Uingereza zaidi ya pauni milioni 36. Lakini katika Usukuma na Unyamwezi wengi walifanya jambo ambalo kila mzee angewashauri, wakanunua ng'ombe na kuoa. Na kwa kuwa wote walirudi wakati mmoja, na fedha wakati mmoja, na wasichana hawakuongezeka, mahari ilipanda. Kijana ambaye hakwenda Keya alijikuta hawezi kuoa kwa bei ya askari, na baba wa binti akajua kutofautisha. Mke wa kwanza, yule wa bomani, aliona mifugo aliyoianzisha kwa mbuzi ikiongozwa kwenda kumleta mke wa pili; wapo waliokubali, wapo waliorudi kwao, na wapo waliofanya lile ambalo wake wakubwa wa Kinyamwezi hulijua, wakamchagua mke mwenza wao wenyewe.

Haikupita miaka mingi serikali ikarudi kwa sura nyingine. Mpango wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mara baada ya vita, uliwaambia watu kuwa mifugo yao ni mingi kupita uwezo wa ardhi, nao wapunguze kila mwaka kwa amri, na kuchimba matuta, na kuswaga ng'ombe kwa njia maalumu. Wataalamu wake hawakuwa wajinga, ardhi kweli ilikuwa inachoka. Ila walimwona ng'ombe kuwa ni nyama iliyosimama, na hawakuona kuwa ng'ombe huyo ni mshahara wa Kabaw, na mbuzi wa njaa ya 1943, na mahari ya binti, vyote katika ngozi moja. Ghasia za watu wa Geita dhidi ya serikali mwaka 1958 zina sababu nyingi, na TANU ilikuwa na sehemu yake kubwa. Lakini mwanasiasa wa mji alipofika kijijini akasema dola hii haina shukrani, alikuta watu waliokuwa wamelijua hilo kwa hesabu za zizini. Hiyo ndiyo siasa ya mwana-Keya wa shamba, nami naiona ina uzito kuliko hotuba.

Mzee mwenyewe nyumbani alikuwa mtu wa namna gani? Tusimpambe. Jeshi lilimfundisha kuamka mapema, kuchimba choo, kuchemsha maji, na kupiga. Watoto wa wana-Keya wengi watakuambia kuwa baba alikuwa nadhifu na mkali, kwamba kitanda kilitandikwa kwa kipimo, na kwamba fimbo haikuwa mbali. Kiswahili kiliingia vijiji vingi vya bara kwa mdomo wake, na watoto wake mara nyingi walitangulia shuleni kuliko wa jirani, kwa sababu alikwisha kuona kuwa anayeandika huamrisha. Ya vitani alisimulia safari, meli, milima, Wahindi wa Bombay, chakula kibaya, mauaji aliyanyamazia. Na wengine walipiga kelele usiku, na mke akaenda kwa mganga kumtafutia dawa ya roho za watu waliouawa mbali, kwani dawa nyingine haikuwapo, na sina hakika kuwa ile ya mganga ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na yoyote.

Katika sanduku la bati la mzee wa namna hiyo hupatikana nyota ya shaba ya njano yenye ncha sita, na utepe wa buluu wenye mstari mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni. Ndiyo Nyota ya Barma. Ukiigeuza nyuma ni tupu. Nishani za Uingereza za vita vya 1939 hadi 1945, tofauti na zile za vita vya kwanza, kwa kawaida hazikuchongwa jina wala namba ya mwenyewe, kwa hiyo mzee akifa na hati yake ya kuachiwa ikiliwa na mchwa, nyota inabaki kuwa nyota ya mtu yeyote. Husimuliwa kuwa mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa Kiafrika wa vita vya kwanza waliokuwa bado hai, wazee walikusanyika Mwanza wengi wao bila karatasi, na mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani washike silaha, naye aliyejua alilipwa. Hadithi hiyo imenakshiwa, sina shaka. Hata hivyo inaeleza kitu cha kweli, nacho ni kwamba mzee alikuwa shahidi wake mwenyewe, na ushahidi huo ulikwisha siku alipozikwa.

Misaada ya baadaye nitaitaja kwa upesi. Mwaka 2018 Uingereza ilitenga karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya wazee wa Jumuiya ya Madola waliotumikia majeshi yake kabla ya uhuru, na wajane wao, wapate walau milo miwili kwa siku. Ni jambo jema lililochelewa miaka sabini na zaidi, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Kwetu, kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mkuki na ngao, na sime, na shada la maua, na wazee waliobaki hupewa viti.

Linalonishughulisha zaidi ni mirathi. Mwana-Keya Mwislamu wa Tabora akifa, na mirathi yake ikigawanywa kwa faraidha, mjane mwenye watoto hupata thumuni ya mali. Wakiwa wajane wawili hushirikiana thumuni hiyo. Si nyingi, lakini ni fungu lenye jina, na hakuna shemeji awezaye kulifuta. Mwana-Keya wa Shinyanga akifa, na ukoo ukafuata mila, jambo ni jingine. Mila za warithi wa upande wa baba zilikusanywa na kupangwa, kwa sehemu kubwa kwa kazi ya Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, zikatangazwa kuwa sheria kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, na humo imeandikwa kuwa mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Haki yake ni kutunzwa na watoto wake. Binti naye amewekwa daraja la tatu. Mila ambayo zamani wazee waliweza kuipinda kwa kumtazama mwanamke aliyesimama mbele yao, ilipochapwa ikawa ngumu. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga sheria hiyo katika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ikakiri kuwa inabagua, lakini ikasema haiwezi kuibadili mila kwa kalamu ya hukumu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikaamua kuwa Tanzania imevunja haki za wajane hao.

Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mahakama, ndoa inapovunjwa, kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ikasema kuwa hata kazi za nyumbani za mke ni mchango wa kuhesabiwa, seuze fedha, mifugo na kilimo. Zisome sheria hizo mbili pamoja juu ya yule mwanamke aliyeanza na mbuzi mmoja wa fedha za Keya, akafikisha zizi. Mumewe angelimpa talaka akiwa hai, angeliweza kusimama mahakamani akadai nusu ya ng'ombe, na kwa ushahidi wa kazi yake yamkini angelipata sehemu ya maana. Kwa kuwa alimvumilia mpaka mwisho, akamuuguza, akamzika, hana fungu.